Korona ilipofunga shule, ndugu zetu wenye ulemavu wa akili walirudi nyuma. Wanasaikolojia mlikuwa wapi?

#1 Kaka wa Mbagala
Wakuu, salaam.

Mdogo wangu wa mwisho ana ulemavu wa akili. Mpaka mwanzoni mwa 2020 alikuwa anaoga mwenyewe, anafunga vifungo vya shati, unamtuma dukani na hela imefungwa kwenye karatasi anarudi na sukari na chenji. Korona ikaja, shule ikafungwa. Ramadhani ya mwaka ule haijaisha, tayari hataki kuvua nguo akaoge, anajikojolea, hali mpaka alishwe, na usiku anazunguka vyumbani hadi alfajiri. Leo ni kijana mkubwa. Baadhi ya mambo yamerudi, mengine hayajarudi.

Nauliza mambo mawili. Mtu kama huyu hupatwa na nini hasa dunia ikisimama ghafla? Na wanasaikolojia wetu walikuwa wanawafanyia nini watu hawa wakati ule? Kila nikisikia habari za afya ya akili na korona nasikia watu wa maofisini na msongo wao wa mawazo. Mama yangu hakupigiwa simu na mtu yeyote.

Sichokonoi makaburi. Januari 2025 Marburg ilikuwa Kagera, Machi mwaka huohuo mpox ikathibitishwa hapa nchini. Likija jingine, mlezi ni yuleyule mama, na umri umekwenda.

#2 Pwagu wa Tabata
Nimeweka kambi. Ngoja wajuzi waje.

#3 Mzee wa Ilala
Pole sana kijana. Ila tuseme ukweli, sisi hatukufungiwa ndani. Soko la Kariakoo lilikuwa wazi, misikiti na makanisa wazi, daladala zinatembea, ilikuwa levo siti tu, hakuna kusimama. Shule ndizo zilifungwa mwaka mzima. Sasa kama mtaani kulikuwa wazi, kilichomfungia huyu mtoto ni nini? Mimi naona hofu ya familia ndiyo iliyomwangusha. Watoto hawa wanasoma nyuso. Mama akitetemeka, yeye anatetemeka mara mbili.

#4 Mwalimu Maalum
Mzee wa Ilala, shikamoo. Naomba nisahihishe: haikuwa mwaka mzima. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi 1 Juni, waliobaki 29 Juni. Waliokaa karibu miaka miwili ni Waganda, wao walifungua kabisa Januari 2022.

Hofu ya familia sikatai, ila kwangu mimi sababu ya kwanza ni ratiba. Darasani kwetu tunafundisha kupiga mswaki, kufua leso, kuhesabu chenji, kuvuka barabara. Jambo moja linarudiwa kila siku, saa ileile, mbele ya mwalimu yuleyule, miezi kwa miezi, ndipo linakaa. Ukilikata ghafla linamwagika. Serikali ilirusha vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni, jambo jema kwa wanaojiandaa na mtihani. Mwanafunzi wangu angefundishwaje na redio kufunga kamba za viatu?

Nina kijana mmoja, kipindi chote kile alivaa sare alfajiri akaenda kusimama kituoni kungoja gari la shule. Jua linampiga, haondoki. Mama yake akaficha sare, akaanza kuvunja vyombo. Majirani wakasema ana mashetani. Yule alikuwa anauliza swali tu: gari liko wapi? Hakuwa na maneno ya kuliuliza.

#5 Bint Tandika
Mwalimu usinichukie, kwetu ilikuwa kinyume. Binti wa shangazi yangu ALIPONA shule zilipofungwa. Alikuwa anatoka shule analia kila siku, njiani watoto wanamzomea, wanamvuta nywele. Alipokaa nyumbani na bibi akajifunza kukoroga unga wa vitumbua na kuvigeuza. Shule zilipofunguliwa ndipo akaanza kujikojolea. Kwa hiyo hii habari ya ratiba si ya wote.

#6 Jangwani Damu
Si wapelekwe Mirembe wapewe dawa? Hospitali ya wagonjwa wa akili ipo kwa ajili hiyo.

#7 Msikilizaji
Jangwani Damu, umechanganya mambo mawili, na wengi huchanganya hapohapo. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Huanza utotoni, unahusu uwezo wa kujifunza, kuelewa na kujihudumia, na una ngazi kuanzia mdogo hadi mkubwa sana. Hauna dawa ya kuuondoa. Lakini mtu mwenye ulemavu huo anaweza pia kupata sonona au wasiwasi uliopitiliza kama mimi na wewe, na hapo ndipo anapokosa msaada, kwa sababu sonona yake haisemi "nina huzuni". Inatokea kama usingizi kukatika, kujikojolea, kupiga watu, kupoteza stadi alizokuwa nazo. Watu wakiona wanasema ndivyo alivyo.

Mleta mada, mimi ni mwanasaikolojia tiba, nafanya kazi hapa Dar. Umeuliza tulikuwa wapi. Wateja wa aina hii tulikuwa nao wachache hata kabla ya korona, na ilipoingia, mama akiwa na mtoto anayeshika kila kitu na kulamba vidole hakuthubutu kupanda gari kuja kliniki. Ushauri wa kwenye video ulikuwa ndoto, bando la nani? Tukabaki na simu ya kawaida.

Sasa kwa simu utamfanyia nini mtu mwenye maneno kumi? Huzungumzi naye, unazungumza na anayemlea. Kazi yenyewe haina uchawi. Namwomba mama aandike kila tukio likitokea: kabla yake kulikuwa na nini, yeye alifanya nini, na baada yake alipata nini au alikwepa nini. Wiki mbili hivi picha huanza kuonekana. Halafu tunairudishia siku umbo lake kwa vitu vya nyumbani. Kikombe, kipande cha sabuni, kandambili, vimepangwa kwenye benchi kwa mfuatano: chai, kuoga, kutoka nje kidogo. Jambo likiisha, kitu kinaingia kwenye kapu. Hahitaji kusoma saa wala kuelewa neno janga. Anaona kilichobaki.

Na nusu ya kila simu ilikuwa ya mama mwenyewe. Mlezi ambaye hajalala hawezi kutekeleza ushauri wa mtu yeyote.

Swali kwako: kuna mtu aliyeondoka pale nyumbani kipindi kile?

#8 Mama Pacha Kigogo
Nasoma machozi yananitoka. Kati ya pacha wangu, mmoja ana Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayokuja na ulemavu wa akili. Mwezi wa tano 2020 aliacha kula. Mimi nikajua korona, majirani wakajua uchawi. Mtu akaniunganisha na dada mmoja mwanasaikolojia, akaniandikisha hivyohivyo anavyosema Msikilizaji. Nikaandika nyuma ya kalenda.

Mnajua tuligundua nini? Nyungu! Sisi tulikuwa tunapiga nyungu kila jioni, sufuria kubwa la majani ya mwarobaini, mchaichai na malimao, tunajifunika blanketi wote. Yeye anashikwa kwa nguvu aingizwe, gizani, mvuke wa moto usoni. Na sufuria lilelile ndilo nililopikia ugali. Akiliona linatoka anakimbilia uvunguni mwa kitanda. Nikanunua sufuria jingine, la nyungu nikalificha kwa jirani, blanketi nikaondoa sebuleni. Siku ya tatu akala wali. Hakuna dawa aliyopewa.

#9 Pwagu wa Tabata
Mama Pacha, asante kwa hii. Nimemsomea mke wangu.

#10 Nesi Zamu ya Usiku
Naheshimu wanasaikolojia, ila naomba mwili uangaliwe kwanza. Mwenye Down anayerudi nyuma, apimwe tezi ya shingo, maana kupungua kwa homoni yake ni jambo la kawaida sana kwao na humfanya mtu azubae, alale mchana, apoteze hamu ya kila kitu. Apimwe masikio, aangaliwe meno. Usiku akikoroma na kukatika pumzi, hiyo nayo inaharibu akili ya mchana. Nimewahi kuona kijana aliyekuwa anajigonga kichwa ukutani, kaandikiwa dawa za kumtuliza muda mrefu, kumbe jino limeoza hadi usaha.

Na wenye kifafa, wako wengi katika kundi hili. Kipindi cha korona wapo waliokatisha dawa kwa kuogopa kuja hospitali. Degedege likirudi mfululizo, stadi zinapotea. Hapo kalenda ya mama peke yake haitoshi.

Tatizo letu sisi watumishi ni kwamba tukiona ulemavu tunaacha kutafuta ugonjwa. Nimeshuhudia kwa macho mama amekuja na mtoto anahema kwa shida, akaambiwa "si ndivyo alivyo siku zote?"

#11 Mzee wa Ilala
Binti yangu Nesi umenena. Mjukuu wa jirani yangu ana mtindio wa ubongo, naye ni hivyohivyo, akili yake haipo kabisa.

#12 Nesi Zamu ya Usiku
Shikamoo mzee. Hapo twende taratibu. Mtindio wa ubongo unashika misuli na mwendo. Wapo wenye mtindio na ulemavu wa akili pamoja, na wapo wasioweza kusema wala kushika kijiko lakini wanaelewa kila neno mnalosema juu yao. Mjukuu huyo mjaribuni kwa picha au kwa kukonyeza macho kabla ya kuamua kwamba akili haipo.

#13 Mbeba Box Leicester
Niongeze la huku. Nilifanya kazi nyumba ya matunzo hapa Uingereza kipindi chote kile, wakazi wote watu wazima wenye ulemavu wa akili. Msidhani kwa wenye hela ilikuwa nafuu. Wageni walipigwa marufuku, mama anasimama nje ya dirisha, mwanawe ndani anagonga kioo, haelewi kwa nini mama hataki kuingia. Kuna mzee mmoja alikataa kumtazama mama yake hata baada ya marufuku kuondolewa.

Wanasaikolojia walikuja kwa simu na video, wakitufundisha sisi wahudumu zaidi kuliko wakazi. Tulitengeneza hadithi za picha: huyu kavaa barakoa, ni Maria yuleyule, barakoa ikitoka uso uko palepale. Kipimo cha puani tulikifanyia mazoezi kwa pamba, kwanza kwenye mkono, halafu shavuni, siku nyingine puani.

Lakini mambo mazito yalitokea. Machi 2020 mwongozo wa NICE, taasisi ya huku inayotoa miongozo ya matibabu, wa nani aingizwe chumba cha mahututi ulitumia kipimo cha udhaifu wa mwili, na mtu anayehitaji msaada wa kuoga na kula alionekana ni dhaifu wa kufa, kumbe ndivyo alivyoishi miaka yote na afya yake. Vyama vya watu wenye ulemavu vilipiga kelele, ukarekebishwa ndani ya siku chache. Utafiti wa Oxford mwaka huohuo ukaonyesha mtu mzima mwenye Down uwezekano wake wa kufa kwa korona ni takriban mara 10 ya asiye nayo. Mpaka Februari 2021 ndipo kamati ya chanjo ikasema wote walioandikishwa na madaktari wao kuwa na ulemavu wa akili wapewe kipaumbele.

#14 Jangwani Damu
Msikilizaji na Nesi nimewaelewa, nimejifunza kitu. Basi niseme na la kwangu. Mjomba wangu ana ulemavu wa akili, makamo sasa, na maisha yake ni Yanga. Kila mechi ya Taifa tunakwenda naye, ana kiti chake, ana kofia yake. Ligi ilisimama Machi 2020. Alikuwa anaamka Jumamosi anavaa jezi anakaa mlangoni. Iliporudi Juni tukamfungulia redio, akatulia palepale. Hilo mnaliitaje?

#15 Mwalimu Maalum
Ratiba, mkuu. Jibu umejipa mwenyewe.

#16 Mnyama wa Msimbazi
Ratiba gani, msimu wa 2019/20 ubingwa ulikwenda Simba, mjomba aliumia kwa hilo tu 😂 Mpe pole.

#17 Jangwani Damu
Mjomba hajui msimamo wa ligi, anajua kijani na njano. Usimguse mjomba wangu.

#18 Kaka wa Mbagala
Nimerudi. Msikilizaji, swali lako limenifikirisha. Aliondoka dada yetu. Walikuwa wanalala chumba kimoja, yeye ndiye aliyekuwa anamwogesha alipokuwa mdogo na kumsindikiza asubuhi. Mwezi wa nne watu walipoanza kuogopa Dar, mama akamrudisha Kilwa kwa bibi. Hakurudi tena, aliolewa hukohuko. Sikuwahi kuunganisha mambo haya mawili. Mdogo wangu hana Down, kifafa alikuwa nacho utotoni kikaisha.

#19 Msikilizaji
Sitakupa hukumu kwa maandishi ya jamvini. Ila mtu aliyekuwa saa yake, mlango wake wa asubuhi na rafiki yake ameondoka ghafla, bila kuagwa kwa namna anayoielewa. Huo ni msiba, hata kama dada yuko hai. Na kuzunguka vyumbani usiku, nafikiri unaona mwenyewe, huenda alikuwa anatafuta.

Kwa wote waliofiwa kipindi kile: mtu mwenye ulemavu wa akili aambiwe wazi. "Baba amekufa. Hatarudi. Mwili wake umezikwa." Tukimwambia amelala au amesafiri, atangoja. Nina kijana ambaye kila gari likisimama anakwenda getini kumpokea baba. Aende kaburini, ashike udongo. Haki ya kulia ni yake pia.

#20 Nesi Zamu ya Usiku
Kifafa "kikaisha" bila daktari kusema kimeisha? Kuna degedege la usiku lisilo na kelele, mtu anaamka anazunguka, amejikojolea, asubuhi amechoka. Dalili za mdogo wako kwangu zinaangukia hapo kabla ya msiba. Kaka, usikubali jibu la haraka kwa sababu tu linaingia moyoni.

#21 Mwalimu Maalum
Na shule iliyofungwa mmeshaisahau? Ilifungwa Machi, mwezi uliofuata dada akaondoka.

#22 Bint Tandika
Mimi ninachokiona, kila mtu anaona ugonjwa wa taaluma yake 😀 Mwalimu anaona ratiba, Nesi degedege, Msikilizaji msiba.

#23 Msikilizaji
Ndiyo maana tunatakiwa tukae meza moja, dada. Simtangulii Nesi, vipimo vifanyike.

#24 Fundi wa Buza
Naomba kuuliza wanaolea. Chanjo mliwezaje? Wangu akiona sindano ni watu watano kumshika.

#25 Mama Pacha Kigogo
Kaka Fundi, chanjo ya korona ilipozinduliwa Julai 2021 watoto hawakuwemo, ila wangu amechomwa nyingine. Usimshike kwa watu watano, mwakani atakuwa na nguvu za watu saba. Mimi nilienda kituo cha afya siku isiyo na sindano, akakaa kwenye kiti kile, nesi akamfuta mkono kwa pamba akampa biskuti, tukaondoka. Tukarudi tena hivyohivyo. Siku yenyewe alinyoosha mkono mwenyewe. Nesi akikuambia hana muda tafuta nesi mwingine. Barakoa vilevile, WHO walisema mtoto mwenye ulemavu wa aina hii asilazimishwe, aangaliwe yeye binafsi.

#26 Wakili Msomi
Nimechelewa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Ibara ya 11 ya mkataba inaitaka nchi iwalinde watu hawa kwenye majanga na dharura. Kwa hiyo simu ambayo mama wa mleta mada hakupigiwa haikuwa hisani. Ilikuwa deni.

#27 Pwagu wa Tabata
Wakili, deni analidai nani? Mwanasaikolojia wa kulipia mama wa Mbagala hamwezi. Aanzie wapi kesho asubuhi?

#28 Nesi Zamu ya Usiku
Kwa Mbagala aanzie kituo cha afya kilicho karibu apate rufaa ya Temeke. Wa Kinondoni ni Mwananyamala, wa Ilala ni Amana, na Muhimbili kuna idara ya afya ya akili. Aombe daktari amwone kwanza na aulizie mwanasaikolojia na afisa ustawi wa jamii, wote kwa majina ya kazi zao, asiseme tu "nimekuja na mtoto mgumu".

Na andikeni karatasi moja, ukurasa mmoja, ikae pamoja na kadi ya kliniki: anapenda kuitwa nani, akiumwa anaonyeshaje, kinachomtisha, kinachomtuliza, dawa zake. Mlezi akiugua au akitengwa karantini, anayempokea ana pa kuanzia.

#29 Mbeba Box Leicester
Huku kila mkazi wetu alikuwa na karatasi hiyo, tunaiita pasi ya hospitali. Ambulensi ikija inaondoka nayo. Mmoja wetu aliandikiwa "akiumwa anacheka". Bila karatasi ile wangemrudisha nyumbani.

#30 Mzee wa Ilala
Hilo la karantini ndilo linaninyima usingizi. Mama akichukuliwa na watu wa afya, kijana anabaki na nani? Nimemuuliza mwenyekiti wetu wa mtaa leo asubuhi. Kaya za TASAF, zile maskini zinazosaidiwa na mfuko wa serikali, anazijua kwa majina, wapangaji wapya anawajua. Watu wenye ulemavu wa akili hana hata jina moja, na mtaani mimi tu nawafahamu wanne. Napendekeza kila serikali ya mtaa iwe na orodha, na kila jina liwe na mlezi wa pili.

#31 Bint Tandika
Mzee wangu, orodha ikae ofisi ya mtaa ambako kila mtu anaingia? Binti wa shangazi yangu amekua sasa, kuna wanaume wa hovyo wanaotafuta taarifa kama hizo. Familia zitawaficha zaidi ya mwanzo. Mlezi wa pili naunga mkono, orodha ya mtaa siungi.

#32 Mzee wa Ilala
Basi ikae kituo cha afya kwa nesi, ifungiwe kabatini. Lakini iwepo.

#33 Bint Tandika
Na ufunguo anao nani?